Ziwa la uzi na mikono ya Iringa

"Kofia ya mtoto wa nani hiyo?"

Kila aliyepita barazani kwa shangazi yangu pale Kihesa, mwezi wa saba mwaka jana, aliuliza hilohilo. Baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haina mzaha, na mama aliyeshika sindano za kufumia majira hayo haulizwi anafanya nini, anaulizwa anamfumia nani. Na kusema kweli, kilichokuwa kikizunguka kwenye sindano zake kilifanana kabisa na kofia ya kichanga: duara la vitanzi linalopanda polepole, vitanzi vikipungua kila baada ya mizunguko miwili mitatu, hadi juu panapobaki tundu la kuingiza kidole. Shangazi alijibu bila kuinua macho.

"Si kofia. Ni ziwa."

Baadhi walicheka, wakidhani ni utani wa kizee. Jirani mmoja, wa nyumba ya tatu, hakucheka. Alivuta kigoda akakaa, akakichukua kile kitu, akakibonyeza, akauliza uzi wa nini. Akaambiwa ni pamba. Akasema haya, akaaga. Jioni alirudi na sidiria ndani ya mfuko wa nailoni, akamwambia shangazi kwamba ni ya dada yake aliyeko Ifunda, achukulie kipimo hapo. Hakueleza zaidi na shangazi hakumhoji. Watu wazima hawachimbuani.

Maelekezo aliyokuwa akiyafuata shangazi, niliyomletea mimi nikiwa nimeyatafsiri kwa kalamu kwenye daftari la shule, yalizaliwa Toronto, Kanada. Mwaka 2005 Beryl Tsang, mkazi wa mji huo aliyekuwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, aliyachapisha katika Knitty, jarida la wafumaji linalosomwa mtandaoni. Titi bandia la dukani lilikuwa ghali na halikumkaa vizuri. Akachukua nyuzi, akajifumia la kwake, kisha akaandika hatua kwa hatua alivyofanya ili mwingine asilazimike kukisia. Hakukuwa na kiwanda wala mtaji. Zilikuwepo sindano, uzi na hasira kidogo, nadhani.

Miaka 6 baadaye, mwaka 2011, katika mji wa Bellingham, jimbo la Washington nchini Marekani, Barbara Demorest alitoka kwenye upasuaji akiwa hana titi na hana matumaini ya kujengewa jingine kama alivyotegemea. Aliambiwa hata titi bandia la kawaida asilivae kwa wiki 6, mpaka kidonda kipone. Daktari wake ndiye aliyemfahamisha kwamba yapo ya kufuma, na rafiki yake, Phyllis Kramer, ndiye aliyemfumia. Lilimfaa kiasi kwamba wakaanzisha shirika la kujitolea, Knitted Knockers, lenye sharti moja kubwa: mwanamke aliyekatwa titi hauziwi, anapewa. Wafumaji wa nchi nyingi wakajiunga. Huku kwetu mbegu hiyo ilidondoka Rwanda, ambako wafumaji wa Kigali walifundishwa na wageni kutoka Bellingham, katika nchi ambayo Philippa Kibugu-Decuir, Mnyarwanda aliyepona saratani ya matiti, alikuwa ameshaamsha mazungumzo juu ya ugonjwa huo kupitia shirika alilolianzisha. Kenya nako, mjini Thika, fundi cherehani mmoja aliyeugua saratani hiyo akageuza duka lake kuwa mahali pa kufumia matiti ya rangi zote, na kuwafundisha wagonjwa wenzake. Bei ya moja ni kama shilingi 1,500 za Kenya, wakati la silikoni hugharimu mara 10 ya hapo na zaidi.

Iringa, kwa kadiri ya nilichokiona mimi, bado tuko barazani kwa shangazi. Lakini nataka kuonyesha kwamba mji huu una deni na kazi hii, na una mtaji wake pia, tangu zamani kuliko Toronto.

Tuanze na deni, yaani titi lenyewe linavyoondoka. Kabla ya dawa ya usingizi, upasuaji huo ulikuwa mateso yasiyosimulika. Aliyethubutu kuyasimulia ni mwandishi Mwingereza Fanny Burney, aliyekatwa titi mjini Paris Septemba 1811 akiwa macho, kisha akaandika barua ndefu kwa dada yake kueleza kila kisu kilivyopita. Aliishi hadi 1840, karibu miaka 30 zaidi. Dawa ya usingizi ilipopatikana, madaktari wakapata muda wa kukata zaidi. Kuanzia miaka ya 1880, Mmarekani William Halsted aliondoa titi, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani kwa pamoja, akiamini kwamba saratani husambaa kama mizizi ya mti na ukiacha mzizi umeacha mti. Wanawake walitoka wakiwa na mbavu zilizofunikwa kwa ngozi tu na mkono uliovimba. Njia hiyo ilitawala karibu karne nzima. Bernard Fisher, daktari wa upasuaji wa Pittsburgh, ndiye aliyeivunja kwa majaribio yaliyoanza 1971: aliwagawa wagonjwa katika makundi, akawafuatilia kwa miaka, akaonyesha kwamba waliokatwa kidogo waliishi sawa na waliokatwa sana. Mwaka 1985 matokeo mengine yakaonyesha kwamba kuondoa uvimbe peke yake, kisha kuchoma eneo lile kwa mionzi, kunatosha kwa wanawake wengi wanaowahi.

Hapo kwenye mionzi ndipo Iringa inapoingia. Kuliacha titi kunahitaji mashine ya mionzi na mgonjwa anayeweza kuifikia siku 5 kwa wiki, wiki baada ya wiki. Kwa miaka mingi Tanzania nzima ilikuwa na mahali pamoja tu penye mashine hizo: Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo lake la mbele, lile jeupe linalotazama bahari, lilijengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897 kuwa hospitali ya Wazungu, na mtafiti Robert Koch alifanyia kazi humo. Baada ya uhuru likapita mikono mbalimbali, hata akina mama wakajifungulia hapo, hadi sheria ya Bunge ya 1996 ilipolifanya kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea. Mama wa Kilolo au Mufindi anayetakiwa huko ana kilomita zaidi ya 500 za kusafiri, Mlima Kitonga wa kuteremka, hifadhi ya Mikumi ya kuvuka, na ndugu wa kumpokea Dar es Salaam kama yupo. Daktari anayejua hayo yote, akiwa na mgonjwa mbele yake, mara nyingi huona ni salama zaidi kuliondoa titi lote kuliko kuliacha na kutegemea safari ambayo huenda isifanyike. Si uzembe wa daktari, ni hesabu ya barabara na nauli.

Hesabu ya pili inauma zaidi. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini, iliyotolewa mwaka 2017, ilisema takriban wagonjwa 80 katika kila 100 hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshafikia hatua ya 3 au ya 4. Makadirio ya kimataifa ya 2018 yalitaja zaidi ya wanawake 3,000 wanaogundulika na saratani hii kwa mwaka, ikiwa ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo tunapozungumzia ziwa la uzi tunazungumzia wale waliobahatika: waliowahi vya kutosha kukatwa, wakapona vya kutosha kuhangaikia jinsi gauni linavyowakaa. Naandika hilo mapema ili asitokee mtu wa kunishika kanzu baadaye kwamba nimesifia mapambo huku nyumba inaungua.

Na wagonjwa hawakukosa wa kuwapigia kengele. Mwaka uleule wa 2005, Beryl Tsang alipochapisha maelekezo yake Toronto, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilianzisha kampeni ya kupima matiti bure, na wanawake wakajitokeza kwa maelfu kupanga foleni. Angela Kuzilwa, naye aliyeugua na kupona, akaanzisha taasisi ya kuwapigania wagonjwa wa saratani ya matiti Tanzania na kuzungumza hadharani kwa jina lake mwenyewe. Katika nchi ambayo matangazo ya msiba husema tu marehemu aliugua kwa muda mrefu, huo si ujasiri mdogo.

Sasa, mwanamke akishatoka huko, anavaa nini? Swali hili linaonekana dogo kwa asiyeulizwa. Kwa karne nzima jibu lilikuwa: jitafutie. Mmarekani Frederick Cox alipata hataza mwaka 1874 ya kifuko cha mpira wa kujaza hewa kilichofunikwa kwa pamba, lakini alikuwa akiwafikiria zaidi wanawake wembamba waliotaka kunenepa kifuani. Wagonjwa walijaza vitambaa. Mwaka 1952 Terese Lasser wa New York alikatwa titi, akaruhusiwa kurudi nyumbani bila mtu yeyote kumwambia atanyooshaje mkono, avae nini au amwambie nini mume wake. Akaanza kuzunguka hospitalini akiwatembelea waliotoka kukatwa, akiwa na titi la muda mkononi na zoezi la kunyoosha mkono. Baadhi ya madaktari wa upasuaji walimfukuza wodini. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliichukua kazi yake kikaifanya mpango wake rasmi.

Halafu akaja mtu ambaye watoto wetu wanamjua bila kumjua. Ruth Handler, aliyembuni mwanasesere Barbie, yule mwenye kifua kisichoshuka, alikatwa titi mwaka 1970. Alipokwenda kununua bandia aliona aibu na hasira: alipewa kidude kisichokuwa na upande, kama vile titi la kulia na la kushoto ni kitu kimoja. Pamoja na fundi wa viungo bandia Peyton Massey akatengeneza la silikoni lenye kulia na kushoto, kwa saizi zinazolingana na sidiria, na mwaka 1976 akaanza kuyauza. Betty Ford, mke wa rais wa Marekani aliyekatwa titi Septemba 1974, alikuwa miongoni mwa aliowapimia mwenyewe. Ujerumani nako viwanda vya matiti ya silikoni vikaanza miaka hiyohiyo. Silikoni ina uzito wa nyama na inatikisika kama nyama. Ila joto lake kifuani mchana wa Dar es Salaam au wa Pawaga si la kuombea, jasho linakusanyika kovuni, na bei yake tumeshaitaja.

Ipo pia sauti iliyokataa yote hayo, na nitakuwa mwongo nikiiruka. Mshairi Mmarekani mweusi Audre Lorde alikatwa titi 1978. Wodini akaletewa na mama wa kujitolea titi la manyoya ya kondoo, la rangi ya waridi iliyopauka, wakati kifua chake ni cheusi. Baadaye, kliniki, muuguzi alimwambia kwamba kutovaa bandia kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde alikasirika. Katika kitabu chake cha 1980 alihoji: kwa nini mwanamke alazimishwe kujifanya hakijampata kitu, ili nani afarijike? Hakuvaa mpaka kufa kwake mwaka 1992. Nilimsimulia shangazi kisa hicho. Akafuma mzunguko mzima kabla ya kujibu. "Ana haki. Mimi sifumi ili mtu alazimishwe. Nafuma ili anayetaka lisimkose." Akaongeza, "Na hilo la waridi, wewe, nani alichagua rangi?"

Uzi wake mwenyewe ulikuwa kahawia, wa rangi ya chai ya maziwa iliyokolea.

Mtaji wa Iringa niliousema ni huo hapo, yaani mikono. Kufuma kwa sindano hakukuwa kwetu asili. Kuliingia pamoja na shule za misheni. Wamisionari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini miaka ya 1890 na kijiji cha Pomerini wilayani Kilolo kimebaki na jina la jimbo moja la Ujerumani ya wakati huo. Wabenediktini walijenga Tosamaganga miaka hiyohiyo, na mwaka 1919 Wakonsolata kutoka Italia wakaichukua. Kote huko wasichana walifundishwa kazi za mikono: kushona, kudarizi, kufuma. Lengo la walimu lilikuwa kuandaa wake Wakristo wenye nyumba safi. Lengo la wasichana, nadhani, lilikuwa kujikinga na baridi. Kilichobaki baada ya vizazi 3 au 4 ni kwamba kutoka Mafinga hadi Makete kila ukoo una bibi anayejua kuhesabu vitanzi bila kutazama.

Mkono uliokuwa ukifuma kapu la milulu ndio ulioshika sindano. Atazame mtu kapu la Iringa likianza: kitako kidogo katikati, kisha mzunguko juu ya mzunguko, ukipanuka, kisha ukibanwa mdomoni. Ziwa la uzi ni kapu lililogeuzwa, linaanzia mdomoni likaishia kitakoni. Sijui kama Mkanada yule aliwahi kuona kapu letu, lakini shangazi alipofika mahali pa kupunguza vitanzi hakuhitaji daftari langu tena. Na lugha yenyewe ina mzaha wake. Mwindaji humfuma mnyama kwa mshale, mama humfumia mtoto sweta, tendo ni lilelile la kupitisha ncha. Katika nchi hii ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, iliyojua sana kufuma kwa aina ya kwanza, si vibaya aina ya pili nayo ikapata makala.

Baada ya uhuru kufuma kuliingia katika vikundi. Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wa kwanza, na vikundi vya kushona na kufuma vikawa miongoni mwa shughuli za wanawake mijini na vijijini. Shangazi alijifunza kroshia hapo, vitambaa vya makochi vya maua yale unayoyajua, vilivyofunika hata redio. Kisha katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ya nje ikalegezwa, marobota ya mitumba yakamwagika, na sweta la kufuma kwa mkono likawa ghali kuliko sweta zuri la Mzungu aliyelichoka. Sweta za shule zikachukuliwa na mashine. Wafumaji hawakufa, walikosa tu cha kufuma. Mitumba hiyohiyo huleta kioja mara mojamoja: sokoni Mlandege niliwahi kuona juu ya meza sidiria yenye mfuko wa ndani upande mmoja. Kijana muuzaji alisema ni mfuko wa kuficha pesa, akaongeza bei. Ni sidiria ya mwanamke aliyekatwa titi, na mfuko ule ni wa kukaa titi bandia. Niliinunua. Shangazi anayo, ndiyo anayopimia.

Majaribio yetu hayakwenda sawa tangu mwanzo, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko katika vitabu. La kwanza alilifuma kwa uzi wa sufu aliokuwa nao tangu zamani. Lilipendeza. Alipolijaribu yeye mwenyewe chini ya gauni kwa saa moja likamwasha mpaka akalitupa kitandani. Ngozi ya kovu ingelivumilia vipi? Ndiyo maana wafumaji wote wa kazi hii husisitiza pamba au uzi laini usiowasha. La pili alilijaza sufi. Tulikuwa na mto wa sufi wa marehemu bibi, na sufi ni laini kuliko chochote. Tukalifua, likakauka likiwa na mabonge kama ugali uliokosa mkono. Sufu na sufi zinatofautiana kwa herufi moja, na zote mbili hazikufaa. Mwishowe tukafungua mto mmoja wa dukani wenye nyuzi za plastiki nyeupe, zile zinazofuliwa na kukauka usiku mmoja. Hizo zikakubali.

Likabaki tatizo la uzito. Ziwa la uzi ni jepesi mno, na wepesi huo ndio raha yake wiki za mwanzo, kovu likiwa bichi. Lakini baada ya miezi mwanamke akishapona, upande mwepesi wa sidiria hupanda juu kila akiinua mkono, akishika nguzo ya daladala au akianika nguo. Wafumaji wa nje huweka kokoto safi au shanga ndani, nyuma, karibu na mbavu. Shangazi alikwenda kwenye ubao wa bao wa mumewe, akachukua kete 5. Mwenye bao hakuambiwa. Tukazitia. Shangazi akatembea ukumbini: ka-ka-ka. Kete zinagongana. Tukacheka mpaka machozi. Akazishona ndani ya kifuko cha kitambaa cha khanga kilichobana, kelele zikaisha. Kete ni komwe, mbegu, na kifuko kile hutolewa kabla ya kufua. Ndiyo maana nyuma ya ziwa hapashonwi. Hupitishwa kamba ya uzi wa kukaza na kulegeza, ili mwenyewe aongeze au apunguze vya ndani mpaka lilingane na mwenzake. Titi lililobaki halifanani na la saizi ya dukani, na hata siku hadi siku halifanani na lenyewe.

Chuchu? Maelekezo yanaruhusu, kwa vitanzi vichache vya mwisho. Shangazi anauliza kwanza. Wengine wanaitaka, wengine hawataki hata kuisikia.

Mtu anaweza kusema Iringa haina desturi ya kuuacha mwili wenye ulemavu uonekane. Nadhani hilo lilishajibiwa mjini hapahapa mwaka 2003, Susie Hart alipoanzisha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, akianza na vijana viziwi 3 wakitengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Leo mtu anaagiza chai pale kwa ishara za mikono na hashangai. Mji uliozoea hilo hautashindwa kulizoea ziwa la uzi. Kinachohitajika si hisani kubwa, ni saa 6 au 7 za mfumaji, uzi wa pamba usiozidi bonge moja, na mtu wa kulifikisha wodini.

Hilo la kufikisha ndilo gumu kuliko kufuma. Niliwahi kuona misaada ya nje, maboksi ya vitu vizuri kabisa, ikilala stoo kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuigawa, na vitu vyenyewe vikiwa saizi moja tu. Wafumaji tusifanye hivyo. Wewe unayefuma, uwe Mafinga, Njombe, Makete au hapo Mshindo, usianze kwa kufuma 20. Anza kwa kwenda hospitali iliyo karibu nawe, kama uko Mbeya basi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ukamwone muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake. Muulize wanatoka wangapi kwa mwezi na wengi wao wana vifua vya namna gani. Muulize wanaruhusiwa kuvaa lini, maana kwenye kidonda kibichi hakivaliwi kitu bila daktari kusema. Fuma saizi tofauti. Weka na kijikaratasi cha Kiswahili cha kueleza jinsi ya kufua, kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi wa watakaolipokea hawaoni vizuri na hawataki kumuuliza mkwe. Na wewe usiyefuma, jikague. Uvimbe mgumu usiouma kwenye titi au kwapani si wa kusubiri mavuno yaishe.

La dada wa Ifunda lilikamilika mwezi wa nane. Lilisafiri kwa basi la asubuhi, likiwa ndani ya mfuko uleule wa nailoni pamoja na sidiria yake. Wiki iliyofuata jirani alileta ndizi mkungu mzima, akauweka barazani na kusema umetoka Ifunda. Shangazi ameshafuma mengine 11. Anatafuta uzi wa pamba wa kahawia iliyokolea, kwa maana madukani mwa Iringa umebaki mweupe na wa waridi peke yake. Aliye nao, amletee Kihesa.